Ukurasa wa Themanini na Saba

Barua ya bodi ilifika Jumanne,
mhuri umekaa upande, na katika neno "maadili"
karani alisahau herufi moja.
Nakala arobaini na moja, ilisema,
ziondolewe rafuni kabla ya siku ya wazazi,
ziteketezwe, na mkutubi atie sahihi.

Mkutubi ni mimi, Mideva,
mwaka wa kumi na tisa na ufunguo huu huu.
Vitabu hivyo navijua kwa migongo yake:
nimeibandika kwa uji wa mahindi gundi ilipokosekana,
nimevianika juani mabati yalipovuja.
Kimoja kina duara la kikombe cha chai.
Changu, nakiri.

Nilimuuliza Bwana Asava, mwenyekiti,
kama alikisoma.
"Nimesoma panapohusika," alisema,
akafungua ukurasa wa themanini na saba,
mstari umepigwa biro nyekundu hadi karatasi ikatoboka.
Ni binti anamuuliza mhubiri swali.
Mhubiri hajibu. Basi.
Akauchana ukurasa ule katika nakala zote, mmoja mmoja,
akilamba kidole,
akautia mkobani: ushahidi.

Shimo lilichimbwa nyuma ya jikoni.
Lakini mvua ya Maragoli haina bodi.
Saa nane na nusu ilishuka kutoka majabalini,
ikaloweka kuni za mkaratusi, ikaloweka kiberiti,
na Chagala mlinzi akauliza
kama tumemwita kuchoma au kupika supu.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.
Nilitia sahihi: zimeteketezwa.
Jioni, magunia mawili juu ya bodaboda,
nikampelekea Kadenyi wa njugu, njia panda ya Chavakali,
shilingi thelathini kwa kilo,
kwa sababu siwezi kuchoma kitabu
na, tuseme kweli, nilikuwa na deni dukani.
Msinifanye shujaa.

Wiki iliyofuata soko lilianza kusoma.
Kadenyi huchana ukurasa, huukunja pembe,
huujaza njugu za moto, huufunga mdomo.
Dereva wa lori la miwa alikula, akakunjua karatasi,
akauliza: huyu binti alifika kwa shangazi yake ama?
Fundi cherehani alijua, yeye alikuwa na mia na kumi.
Mwenye mia na kumi na moja ameshateremka Gambogi.
Watu ambao hawajagusa kitabu tangu mtihani wa darasa la saba
walisimama chini ya taa ya duka la simu
wakigombania mwisho wa sentensi,
chumvi ikiwachoma midomo.

Bwana Asava mwenyewe nilimwona, Ijumaa,
na koti lake la kanisani, anatafuna.
Alisoma upande mmoja.
Akageuza.
Akanunua nyingine,
njugu akampa mtoto aliyekuwa karibu.

Ila wasichana ndio wenye subira.
Muhula ukielekea kuisha, Minayo wa kidato cha pili
aliniletea kitu ndani ya bahasha ya kaki:
kurasa zimelowa mafuta mpaka ukiziinua dirishani
unamwona mtu aliye nje,
zimepangwa kwa namba,
zimeshonwa kwa uzi wa sweta ya shule, kijani.
Zote zipo ila ule.

Mahali pake wametia karatasi ya miraba, ya daftari la hesabu.
Hawakulikumbuka swali la binti,
basi kila mmoja aliandika lake.
Hati kumi na sita, nyingine zimebanana pembezoni.
La Minayo nimelisoma mara mbili
na sitalisema hapa.
Chini wameacha nafasi tupu, ya mhubiri.

Nimekifungulia kadi.
Kwenye jina la kitabu nimeandika: Hesabu, Juzuu ya Pili.
Kiko rafu ya tano, wazi kabisa,
mahali ambapo mkaguzi hupita akiangalia vumbi.

Jana kilirudi kimechelewa siku nne.
Sikumtoza faini.
Katikati, pale msomaji alipofikia,
palikuwa na ganda jekundu la njugu.